Nyumba ya Leven na Waliopita Mlangoni Mwake

Tarehe 7 Februari 1824 manowari ya Kiingereza iitwayo Leven iliingia Mombasa, na mabaharia wake walipoinua macho waliona jambo lililowashangaza: juu ya Fort Jesus palikuwa pakipepea bendera ya nchi yao. Hakuna Mwingereza aliyeileta. Ilishonwa na watu wa mji, kwa vitambaa vilivyopatikana hapa hapa na kwa kukisia tu mistari yake, kisha ikapandishwa kwa amri ya Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa. Baharini palikuwa na vyombo vya Sayyid Said bin Sultan wa Oman vilivyokuwa vimeuzingira mji. Bendera ile ilikuwa ngao ya watu waliobanwa.

Mazrui walikuwa maliwali wa Mombasa tangu karne ya 18. Waliwekwa na Yaarubi wa Oman. Yaarubi walipoanguka na Albusaidi kushika nchi, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kuwatii na akauawa kwa sababu hiyo. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alitoroka kifungoni akaitwaa tena ngome, na tangu hapo Mombasa ikajiendesha yenyewe, Mazrui wakishirikiana na wazee wa koo kumi na mbili za mji, Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Tatu Taifa. Zilikuwa siku za fahari, siku za mshairi Muyaka bin Haji, aliyejibizana kwa mashairi na wapinzani wa Lamu na Zanzibar. Lakini Mombasa ilishindwa vibaya katika vita vya Shela huko Lamu, kisha ikanyang'anywa Pemba, ghala lake la chakula. Kufikia mwisho wa mwaka 1823 liwali alikuwa mzee, Suleiman bin Ali, na meli ya kwanza ya msafara wa Waingereza, Barracouta, ilipopita Desemba aliwaomba Waingereza bendera na himaya. Nahodha wake alikataa. Mazrui wakashona ya kwao.

Kapteni William Fitzwilliam Owen, aliyefika na Leven, hakutumwa kuja kutawala mtu. Kazi yake ilikuwa kupima pwani za Afrika na kuzichora katika ramani. Lakini alikuwa mtu wa dini mwenye kuichukia biashara ya watumwa, na hapo Mombasa aliona mlango umefunguliwa. Siku mbili baada ya kutia nanga mkataba ulikuwa umekwisha kutiwa saini. Mazrui wangebaki na utawala wao, nao ungerithiwa ukoo kwa ukoo. Waingereza wangewasaidia kurudishiwa miliki zao za zamani. Ushuru wa forodha ungegawanywa nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ingekoma Mombasa. Owen aliyafanya haya yote bila idhini ya serikali yake, kisha akaondoka, akamwacha nyuma Luteni John James Reitz, kijana wa miaka ya ishirini, pamoja na watu wachache wa manowari, wawe ndio ubalozi, utawala na jeshi.

Reitz hakumaliza hata miezi minne. Alikufa kwa homa mwezi Mei, baada ya safari ya kusini kuelekea Pangani. Phillips, kijana mwanafunzi wa uofisa, alishika nafasi yake mpaka alipofika Luteni James Emery mwezi Agosti. Emery alikaa karibu miaka miwili na aliandika kumbukumbu zake siku kwa siku, na kumbukumbu hizo ni miongoni mwa maandishi bora tuliyo nayo kuhusu Mombasa ya wakati ule. London na Bombay hawakuutaka mkataba huo. Sayyid Said alikuwa rafiki yao, na urafiki wa Maskati ulikuwa na thamani kubwa kwao kuliko urafiki wa Mombasa. Julai 1826 bendera ilishushwa, Emery akapanda meli, na Mazrui wakaachwa uso kwa uso na adui yao.

Kilichobaki ni majina. Hori ya kusini mwa kisiwa bado ni Port Reitz, kwa jina la luteni aliyezikwa Mombasa. Hori ya upande wa pili, inayoingia kutoka bandari ya kale na kuzunguka kaskazini mwa kisiwa penye mikoko, iliandikwa Port Tudor katika ramani za Kiingereza, na baadaye jina likapanda nchi kavu, likawa la mtaa mzima. Watoto wanaozaliwa leo Tudor wanalibeba bila kuitafuta asili yake, kama sisi sote tulivyolibeba. Na kwenye ukingo wa maji hayo hayo, ndani ya Mji wa Kale, karibu na forodha na uwanja uliokuwa wa serikali, kuna nyumba inayoitwa Nyumba ya Leven.

Nyumba hii ni ya karne ya 19, na mwanzo wake ilikaliwa na familia tajiri ya wafanyabiashara wa mji. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalosahaulika. Wageni waliofuata wameandikwa majina yao yote, vyeo vyao na miaka yao. Meli iliyotia nanga mbele ya bandari imepewa nyumba. Walioagiza mawe yachongwe, waliowalipa mafundi na kulala chini ya boriti zile, wao wanatajwa kwa maneno mawili tu: familia tajiri. Mimi naamini historia ya nyumba yoyote ya pwani huanzia kwao.

Basi tuitazame wao walichojenga. Ukuta wa nyumba za aina hii ni wa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, mnene kiasi cha kumfanya aliye ndani asahau jua la saa sita. Chokaa yenyewe ilichomwa pwani, matumbawe yakipangwa juu ya lundo la magogo, kisha ikalowekwa na kuachwa muda mrefu kabla haijafaa kupakwa. Fundi aliyeharakisha chokaa aliujua mwisho wake: ukuta unatoa jasho na kumomonyoka. Juu hukaa boriti za mikoko, na hizo ndizo zinazoamua kila kitu. Boriti nzuri haizidi mita tatu hivi, kwa hiyo chumba nacho hakizidi upana huo. Ukitaka nafasi utaipata kwa urefu. Ndiyo maana nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana, kimoja nyuma ya kingine, kutoka daka la mlangoni ambapo mgeni hukaribishwa barazani mpaka ndani kabisa kwa wenyewe. Juu ya boriti huja mawe madogo na chokaa, hugongwa kwa siku nyingi mpaka dari liwe gumu. Ukipita leo chini ya dari kama hilo katika Mji wa Kale unaweza kuziona boriti zilizopakwa rangi nyekundu na nyeusi, na pale iliyooza moja unaona jinsi uzito wote wa sakafu ya juu ulivyokaa juu ya mti mmoja uliokatwa katika matope ya hori.

Mbele ya Nyumba ya Leven kuna ngazi zinazoteremka kwenye maji, na njia iliyochongwa ndani ya mwamba, inayofika kwenye kisima cha maji matamu. Hapo ndipo ninapoona akili ya mahali hapa. Mji wa biashara unaishi kwa mambo mawili, upepo na maji ya kunywa. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na katikati manahodha walikaa miezi, wakibadilisha bidhaa, wakitengeneza vyombo, wakijaza mapipa. Kisima kilicho pembeni mwa bandari ni mali kuliko ghala. Mwenye nyumba juu ya kisima kama hicho alikuwa na nafasi ambayo kila mtu baharini angeitamani, na kwa karne moja hivi kila aliyeitamani Mombasa alipita hapo.

Na nyumba ilikuwa ya nani hasa? Kwa sheria ya mji, jibu halikuwa la mtu mmoja. Nyumba ya Mwislamu huingia katika mirathi siku anapokufa. Tuseme mwenye nyumba ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Nyumba inagawanywa mafungu 40: mke anapata 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Kizazi kinachofuata kila fungu linakatwa tena. Baada ya vizazi vitatu vinne nyumba moja huwa na warithi kadhaa walio Mombasa, wengine Zanzibar, wengine Maskati au Makka, na hakuna hata mmoja anayeweza kuiuza bila wote kukubali. Wengine walizuia hilo kwa kuiweka nyumba wakfu, ikawa haiuzwi wala hairithiwi, bali mapato yake huenda kwa wanafamilia, kwa msikiti au kwa maskini. Ndiyo maana kupangisha lilikuwa jambo la kawaida kwa nyumba kubwa za pwani. Kodi inagawanyika kwa urahisi. Kuta hazigawanyiki.

Tena Mombasa ina jambo lake jingine, ambalo wageni huchukua muda kulielewa: nyumba ni kitu kimoja na kiwanja ni kingine. Mtu anaweza kumiliki kuta, milango na paa, akawa analipa kodi ya ardhi kwa mtu mwingine kila mwezi, na wote wawili wakawa na haki. Utaratibu huu uko Majengo, uko Kisauni, uko Likoni, na ndani yake kuna ubishi wa miaka na miaka.

Miaka kumi na moja baada ya Emery kuondoka Mazrui walikwisha. Sayyid Said alikuja na manowari mara kadhaa, akapigana, akafanya suluhu, akavunja suluhu, mpaka mwaka 1837 ngome ikawa yake kabisa. Liwali Rashid bin Salim na zaidi ya wakubwa 20 wa ukoo walikaribishwa ngomeni, wakakamatwa, wakasafirishwa hadi pwani ya Uajemi na hawakurudi. Waliosalia waligawanyika: tawi moja likaenda Takaungu, kaskazini, jingine likaenda Gazi, kusini.

Nyumba ya Gazi inastahili kutajwa hapa, maana ndiyo iliyokuwa makao makubwa ya shamba na bahari ya ukoo huo. Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliishi humo kama mfalme mdogo, akigombana na Zanzibar na kupatana nayo kwa zamu. Mwaka 1895 ugomvi wa urithi wa uliwali wa Takaungu uligeuka vita na Waingereza, na Mbaruk akaingia vitani. Ngome yake ya Mwele ilivunjwa, na Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Hakuiona tena Gazi. Alikufa Dar es Salaam mwaka 1910. Nyumba yake ikawa shule, na mlango wake wa nakshi ukachukuliwa kwenda Fort Jesus, ngome ile ile ambayo babu zake walitolewa. Wa Takaungu walipata mkondo mwingine: ardhi yao iliwekwa chini ya amana kwa sheria ya mwaka 1914, amana hiyo ikafutwa na Bunge mwaka 1989, na mwaka 2012 mahakama ikasema kufutwa kwake kulikiuka Katiba. Hivyo ndivyo nyumba na mashamba ya pwani yanavyohama mikono, polepole, kwa karatasi zinazofuta karatasi.

Turudi Mombasa. Januari 1857 walifika Richard Burton na John Speke, wakijiandaa kwa safari ya maziwa makuu. Burton alipanda kutoka pwani kwa ile njia ya mwambani mbele ya Nyumba ya Leven na akaitaja baadaye katika maandishi yake. Watu wa Mombasa hakuwasifu; aliwaona wakali. Mji aliouona ulikuwa umeshindwa miaka 20 tu iliyopita, umezoea kuonana na wageni wanaouliza maswali mengi kisha wanarudi na mizinga. Ukali wao kwake una maelezo.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Owen alikufa upande wa pili wa dunia. Maisha yake ya mwisho yanastahili kusimuliwa pamoja na nyumba iliyobeba jina la meli yake. Baba yake, naye akiitwa William Owen, alipewa pamoja na wapwa zake kisiwa kizima cha Campobello, kwenye pwani ya Kanada, kwa hati ya mwaka 1767 iliyotolewa na gavana wa Kiingereza. Wenyeji wa asili wa pwani ile, Wapassamaquoddy, hawakuuza wala hawakuulizwa. Mtoto, aliyezaliwa nje ya ndoa na kulelewa na watu wengine, alikikomboa kisiwa mikononi mwa jamaa katika miaka ya 1830, akahamia huko, akajenga, akakusanya kodi kwa wavuvi, akasalisha watu kanisani kwake. Kisiwa kikabaki mali ya familia hadi 1881 kilipouzwa kwa wawekezaji wa Kimarekani walioweka mahoteli ya kupumzikia. Familia ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa miongoni mwa waliojenga nyumba za kiangazi huko. Mtu aliyewaahidi Mazrui utawala wa kurithi, ahadi aliyonyimwa uwezo wa kuitimiza, aliurithisha ukoo wake kisiwa kwa hati ya kalamu moja. Silisemi hili kumlaumu. Alijaribu kuizuia biashara ya watumwa mahali ambapo wakubwa wake walifumba macho. Nalisema kwa sababu linaonyesha nani alikuwa na karatasi na nani hakuwa nayo.

Karatasi zilifika Mombasa kwa wingi baada ya 1887. Kabla ya hapo mji ulionja mizinga: Januari 1875 akida Muhammad bin Abdallah alijifungia Fort Jesus na kumwasi Sultani wa Zanzibar, na manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga ngome mpaka akasalimu amri. Kila aliyeishi karibu na bandari siku hiyo alijua mwenye nguvu mpya ni nani. Miaka kumi na miwili baadaye Sultan Barghash wa Zanzibar aliwapa wafanyabiashara wa Kiingereza wakiongozwa na William Mackinnon haki ya kutawala na kukusanya ushuru katika ukanda wake wa pwani, na mwaka 1888 wafanyabiashara hao wakapata hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Imperial British East Africa. Oktoba mwaka huo George Mackenzie alishuka Mombasa kuwa mwakilishi wao, na Nyumba ya Leven ikawa makao makuu ya kampuni.

Hiki ndicho kipindi kizito kuliko vyote katika maisha ya nyumba hiyo. Kampuni ilipiga chapa sarafu zake yenyewe, rupia na pesa zenye picha ya mizani, zikaanza kupita sokoni Mombasa. Ikapanga misafara. Frederick Jackson, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, alitoka hapa mwaka 1889 kuelekea nchi za ziwa. Mwaka huo huo Hans Meyer, Mjerumani, alianza safari yake Mombasa na mwezi Oktoba akasimama juu ya kilele cha Kilimanjaro, huku Mwini Amani wa Pangani akilinda kambi kwenye baridi chini ya kilele. Frederick Lugard alifika mwishoni mwa 1889 na mwaka uliofuata akaondoka kuelekea Buganda. Wote hawa waliingia Nyumba ya Leven. Nje, kwenye uwanja na ngazi, walikuwa wapagazi, watu wa pwani na wa bara, waliopimiwa mizigo na kuandikwa majina. Mackenzie pia alikuta watumwa waliotoroka mabwana zao wakahifadhiwa Rabai na misheni nyingine, na mabwana wao mjini walikuwa karibu kufanya vurugu. Akachagua kulipa fidia, na Januari 1889 zaidi ya watu 1,000 wakapewa hati za uhuru. Fedha hizo zilihesabiwa, mtu mmoja mmoja akitajwa bei yake kwa mara ya mwisho.

Lakini kampuni haikupata faida. Misafara ya Uganda ilikula mtaji wake, ushuru wa pwani haukutosha, na mwaka 1895 ikasalimisha kila kitu kwa serikali ya Uingereza. Tarehe 1 Julai mwaka huo himaya ilitangazwa. Namna hesabu ilivyofanywa ndiyo ninayotaka msomaji aishike vizuri. Kampuni ililipwa pauni 250,000. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka kwenye fedha za Sultani wa Zanzibar, fedha ambazo Ujerumani ilikuwa imemlipa kwa kuchukua pwani ya Tanganyika. Yaani Sultani, mwenye pwani kwa sheria, aliinunua pwani yake kutoka kwa mpangaji wake, kisha akaikodisha kwa serikali ya mpangaji. Kodi ilikuwa pauni 11,000 kwa mwaka, na juu yake pauni 6,000 za riba ya fedha zake mwenyewe. Bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Fort Jesus, ngome ambayo ndani yake Waingereza walifanya gereza, mpaka Desemba 1963 Kenya ilipopata uhuru. Kila mwenye nyumba Mombasa anajua kodi ni nini. Hakuna ambaye angeukubali mkataba kama ule kwa nyumba yake.

Baada ya kampuni, Nyumba ya Leven haikukosa watu. Kwa nyakati tofauti ilikuwa makao ya wanawake wa misheni na ofisi ya uwakilishi wa Ujerumani. Lakini mji wenyewe ulikuwa unageuka. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, na reli haikutaka bandari ya majahazi; ilitaka kina cha Kilindini. Mwaka 1905 makao ya serikali yakahamia Nairobi. Forodha ya Mji wa Kale ikabaki na vyombo vya upepo, tende, papa mkavu, mazulia na boriti, biashara yenye heshima yake, lakini si ile iliyowaita wakubwa wa dunia kwenye ngazi za Leven.

Mwaka 1908 ukaja mzigo mwingine, Sheria ya Hati za Ardhi. Kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani alitakiwa ajitokeze mbele ya msajili na kuthibitisha madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Kwa mwenye wakili, karatasi na muda, ilikuwa fursa. Kwa waliolima na kuzikana mahali pamoja kwa vizazi bila kuandika chochote, ilikuwa mlango unaofungwa. Sehemu kubwa ya kisiwa nje ya Mji wa Kale, upande wa Tudor na Makupa na Tononoka, ilipimwa na kukatwa viwanja katika miongo iliyofuata: majumba ya bustani ya maofisa ufukweni mwa hori, nyumba za kupanga za manispaa kwa wafanyakazi, na Majengo penye nyumba za makuti zilizosimama juu ya viwanja vya watu wengine. Mwenye nyumba mmoja anaona hori kutoka varanda yake kwa hati ya miaka 99. Mwingine, hatua chache tu, amejenga kwa jasho lake na hana hata mchanga wa chini.

Nyumba ya Leven yenyewe ilishuka daraja mpaka ikawa ofisi ya kampuni ya mafundi mitambo, Brown Davis. Vyuma na hesabu za mafundi zilikaa mahali palipokuwa na hati za kifalme. Halafu Makumbusho ya Taifa ya Kenya wakaichukua na kuikarabati. Mji wa Kale ulikuwa umeanza kulindwa kisheria, na Nyumba ya Leven ikapata bahati ambayo jirani zake wengi hawakuipata: mmiliki mmoja, mwenye bajeti, mwenye wataalamu wanaojua chokaa.

Hapo ndipo tofauti ilipo leo. Nyumba nyingi zilizo mitaa ya Kibokoni na Ndia Kuu haziporomoki kwa sababu wenyewe hawazipendi. Zinaporomoka kwa sababu ya yale mafungu 40 yaliyogawanywa na kugawanywa tena, mrithi mmoja akiishi juu, mwingine akiwa Jeddah, wa tatu akiwa Toronto, na wa nne akiwa ameuza fungu lake kwa mtu anayengoja ukuta uanguke apate kiwanja. Sheria ya uhifadhi inamtaka mkarabati atumie boriti na chokaa, asiongeze ghorofa, asibomoe nakshi. Boriti ni ghali kwa sababu ukataji wa mikoko umewekewa masharti. Fundi wa chokaa naye ni adimu. Saruji iko dukani pembeni, nafuu na ya haraka, lakini ukiipaka juu ya matumbawe inaziba pumzi ya ukuta, unyevu unabaki ndani, na baada ya misimu michache plasta inabanduka pamoja na jiwe. Mwenye fungu moja kati ya arobaini hawezi kubeba gharama zote hizi peke yake, wala hana haki ya kuamua peke yake.

Wapo warithi walioweza. Wamekaa kikao cha familia, wakamteua mmoja kuwa msimamizi mbele ya kadhi, wakakubaliana kodi ya chini iende kwenye ukarabati wa juu kabla mtu hajachukua fungu lake. Wengine wamerudi kwenye njia ya wazee, wameweka nyumba wakfu ili isigawanyike tena. Nyumba za namna hiyo ninazitambua kwa dari zake: boriti mpya nyeupe zimewekwa kati ya za zamani zilizokolea weusi, na mwenye nyumba akikukaribisha barazani atakuonyesha ni ipi iliyobadilishwa mwaka gani, na nani katika familia alitoa fedha.